Kwao Hapakuwa na Mnara

Zuwena mwanangu,

Nimepita mlangoni pako nikaona taa inawaka na wewe umelala, kama ilivyo desturi yako tangu utotoni. Sikukuamsha. Barua hii nitaitia mfuko wa ndani wa lile jaketi zito ulilonunua Maskati, maana najua hutalivaa mpaka baridi ya ndege ikushike. Nataka uisome ukiwa juu, mahali ambapo huwezi kumwambia dereva ageuze gari.

Habari za nguo, chakula na nani atakupokea sikuandikii. Shangazi zako wameshakwambia yote, tena kila mmoja kinyume cha mwenzake, na baba yako ameulizia hiyo pasipoti mpaka pasipoti yenyewe imechoka. Mimi nina jambo moja. Ungelijua zamani, lakini mama yako ni mwoga, na woga wangu nimeuita heshima kwa miaka mingi sana.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, humu ndani hakuna mwingine awezaye kuisoma. Ya pili utaiona mbele. Najua utasoma kwa kidole, neno baada ya neno, na utanung'unika juu ya Kiswahili changu cha Unguja. Nung'unika. Mambo mengine hayafai kusomwa mbio.

Wiki hii nzima umenionyesha picha za huko uendako kwa kazi yako ya kuta za kale, tumekaa kwenye mkeka na dalla, buli letu la kahawa, kati yetu. Rasi ya Salento, kile kisigino cha Italia, bahari huku na bahari huku. Ukanionyesha minara ya ulinzi imepangwa pwani yote, kila mmoja unamwona mwenzake. Ukanieleza kwamba mlinzi akiona matanga asiyoyajua, mchana hufukiza moshi na usiku huwasha moto, na wa mnara wa pili akiona naye huwasha, mpaka habari inafika mjini kabla ya jahazi kufika ufukweni. Mlango uko juu, ngazi huvutwa ndani. Chini kuta ni nene kupita urefu wa mtu, na ndani kuna birika la maji ya mvua ili watu wakizingirwa wasife kwa kiu. Ukasema hata makanisa yao ya pwani yana matundu juu ya mlango ya kumwagia maji ya moto, na viko vijiji vilivyouacha ufuo vikahamia bara, watu wakaona heri kulima mawe kuliko kulala karibu na maji.

Nikakuuliza, "Walikuwa wanamwogopa nani hivyo?"

Ukacheka. "Sisi Waislamu, mama. Waturuki, watu wa Aljeria, wa Tunisi. Walikuwa wanakuja kuiba watu. Na wao pia walikuwa wanaiba watu wetu. Lakini mnara hii ilijengwa kwa sababu ya sisi."

Nikakusahihisha, "Minara hii," kisha nikainuka nikaenda kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Ulidhani nimechukia. Sikuchukia. Nilimsikia mtu mwingine akisema juu ya minara na watu walioibwa, katika nyumba hii hii, kabla wewe hujazaliwa.

Mimi nililetwa hapa Aija nikiwa bibi harusi. Unajua kwamba nilizaliwa Unguja na nikakulia Ibra, huko bara ya Omani, katika mtaa ambao wanawake waligombana kwa Kiswahili kutoka dari hadi dari, na mtoto akipita bila shikamoo alipigwa na mama yeyote aliye karibu. Nikavuka khori, ule mkono wa bahari, kuja huku nikakuta watu wa bahari, watu wa jina na nyumba kubwa, na hakuna hata mmoja anayejua lugha yangu. Bibi yako, mama wa baba yako, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Lakini alinitambulisha kwa wageni kwa neno moja, "Zanjibariyya," na wageni wakaniangalia nywele.

Siku moja jikoni niliungua na mvuke wa sufuria. Nikasema, peke yangu, "Yarabi, nimeungua." Sauti ikatoka nyuma yangu, "Tia asali, mwanangu. Usitie maji."

Alikuwa ni Zafarani. Hukumwona, amekufa kabla yako. Alikuwa bibi kizee aliyekuwa akikaa mlangoni pa ghala la chini akichambua mchele. Nilidhani ni jamaa wa mbali, wa kulishwa na nyumba. Zafarani halikuwa jina lake. Ni jina alilopewa hapa, kama walivyopewa wengi wa namna yake majina ya vitu vizuri. Nililia siku ile, na asali mkononi, kwa furaha ya kusikia mtu ananiita mwanangu. Tangu hapo, kila bibi yako alipolala mchana, mimi nilishuka ghalani.

Mambo aliyonisimulia alinisimulia kidogo kidogo, na mchele mkononi. Kwao ni pwani ya kusini ya Kilwa. Alikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Maji yalikuwa yamekupwa, na yeye na watoto wenzake walikuwa wakiokota kombe mbali na nyumba. Wakaja watu na mashua, wapole, wanacheka. Wakawapa tende.

"Sikuwa nimepata kula tende," aliniambia. "Tamu, mwanangu. Nkasogea nkapata ya pili. Ya tatu nlipewa ndani ya mashua."

Umri wake wote katika nyumba hii, Zuwena, nyumba ambayo tende zimejaa mpaka kwenye ngazi, hakutia tende mdomoni. Watu walidhani ni meno.

Ghala lile lina kitundu kimoja cha hewa, na ukisimama hapo unauona mlima na minara yetu. Unaipenda minara ile, uliichora kwenye kila daftari. Nasi huku tumekaa juu ya ulimi wa nchi, bahari mbele na khori nyuma, na wazee wa babu zako walijenga minara kwa sababu zile zile za watu wa Salento. Zafarani aliitazama kupitia kitundu kile akasema, "Nyie mlijengewa. Kwetu hapakuwa na mnara. Hakuna aliyetuwashia moto."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesema kwao hapakuwa na kisima.

Kisha akanionyesha ukutani, chini, karibu na mahali alipolala ujana wake. Mafundi walipopaka chokaa mpya zamani hizo, kabla haijakauka, alibandika mkono wake. Mkono wa msichana, vidole vitano vimezama sawasawa. "Ili wajue nlikuwepo," akasema. Na siku hiyo akaniambia jina lake la kwao. Akaniomba niwe namwita kwa jina lile tukiwa wawili. Nikawa namwita. Kila nikimwita aliinua kichwa kabla ya kuitika, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje.

Sasa nakuandikia lile lililonifanya nichelewe.

Alipoanza kuumwa tulikuwa katika siku za Idi. Wageni wamejaa, wanawake wa nyumba zote kubwa za Aija, udi na haluwa, mimi nimevaa dhahabu zangu zote nikijiona nami nimekuwa mtu. Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Sauti ikaja kutoka mle, dhaifu, "Mwanangu. Mwanangu, njoo uniite."

Mgeni mmoja akageuka akaniuliza, "Mo tqul hadhi?" Anasema nini huyu. Na mwingine akasema huku anacheka kwamba ile ni lugha ya watumwa, nani mle ndani ataijua. Wote wakanitazama. Nami nikajibu, kwa sauti ya kusikika vizuri, "Ma adri. Ma afham kalamha." Sijui. Sielewi maneno yake.

Zafarani alikuwa akijua Kiarabu kuliko mimi.

Nilishuka baada ya wageni kuondoka. Nikamwita kwa jina lake. Hakuitika. Akaniambia kwa Kiarabu kwamba hana haja ya kitu, akaniita bibi, kama alivyomwita mama mkwe wangu. Mpaka baridi ile ilipokwisha naye akafa, hakunisemesha Kiswahili tena, wala mwanangu sikuitwa tena. Nilimwosha mimi. Nilidhani nikimwosha kwa mikono yangu itatosha. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale ya kuoshea maiti ndiyo kabisa.

Wewe ulizaliwa baadaye, na nyumba ilikuwa imeshasahau. Nilipanga nami nisahau. Mpaka ulipoanza shule, ukawa na mchezo wako wa kushuka ghalani na vikombe vyako vya plastiki, ukikaribisha wageni usiowataja. Kiswahili chako siku hizo kilikuwa kizuri kuliko cha leo, nakwambia kweli. Siku moja ukapanda na sahani ya tende haijaguswa. Ukaniambia, "Mama, Mwamvua hataki tende."

Nilikupiga kofi. Ndilo kofi la kwanza na la mwisho nililokupiga, na nina hakika unalikumbuka bila kujua lilikuwa la nini.

Katika ukoo wangu hakuna Mwamvua. Katika ukoo wa baba yako hawawezi hata kulitamka. Nilikuuliza nani amekwambia jina hilo. Ukasema, "Mwenyewe." Wiki ile ile nikakupeleka Mudhaibi kwa mwalimu mmoja anayesomea watoto dua. Alikuwa mtu mwema, simlaumu. Alikuweka mbele yake akaniuliza, "Katika nyumba yenu, aliye hai au aliyekufa, yuko mwenye jina hili?" Nikamjibu hayuko. Wewe ulikuwa umekaa hapo, unanitazama.

Akakusomea basi, kwa maradhi ambayo hukuwa nayo. Akakukataza kulitaja tena jina lile, nawe mtoto mtiifu hukulitaja. Njiani kurudi, tumepita maduka ya mwisho ya Mudhaibi, ukaniuliza kutoka kiti cha nyuma, "Mama, mimi mwongo au mimi mgonjwa?"

Nikakujibu, "Mgonjwa kidogo tu."

Tangu usiku ule hulali bila taa. Ulipokwenda chuoni Nizwa wenzako wa chumbani walikucheka kwa hilo, ukanisimulia nami nikacheka nao. Nilicheka, Zuwena. Naandika neno hili na uso wangu unawaka.

Bibi yako alipofariki na funguo zikaja kwangu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumwita fundi alipige lile ghala saruji, ukuta wote, nene, laini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ukiziba vibaya utafanya nini. Baridi ya kwanza ukuta ukatoka jasho. Ya pili saruji ikavimba ikadondoka, na ikadondoka mahali pale pale, chini, kwa upana wa sahani. Nikaita fundi, akaziba. Ikadondoka. Amebadilika fundi, imebadilika saruji, mahali hapabadiliki. Nikishuka kuchukua mchele nilikuwa nageuza uso kama mtu anayepita mbele ya mdai wake.

Ukarudi kutoka Nizwa na elimu yako ya kuta, ukapiga magoti pale, ukakwaruza kwa ukucha, ukaonja. "Mama, ni chumvi. Saruji imeua ukuta hii. Haipumui. Chini iko chokaa ya zamani, maji inapanda inakosa pa kutokea. Nani aliyesema wapake saruji?"

Nikakujibu, "Fundi." Na nilipoona macho yako yanavyong'aa juu ya ule ukuta nikajua kazi utakayoifanya maisha yako yote, na nikajua imetoka wapi.

Ndiyo sababu nimekuandikia kwa Kiswahili. Ni lugha niliyoikana mbele ya watu, na niliyemkana ndani yake ni yeye. Kama nitalisema jambo hili kwa Kiarabu nitakuwa nimemkana mara ya pili.

Hukuwa mgonjwa. Hukuwa mwongo. Jina lake lilikuwa Mwamvua, ulilitamka sawasawa, na tende kweli hakuzitaka.

Kama alikuja kwako au hakuja, sijui. Baba yako huniambia kwamba naongea usingizini, na kwa kuwa ni Kiswahili hajui nasema nini. Labda ulinisikia usiku ukalichukua jina kutoka mdomoni mwangu. Labda. Hilo la tende lakini sikuwahi kumwambia mtu, na sidhani kama nilimwambia mto wangu. Usinitake nichague. Nimeishi humu kati ya mambo hayo mawili, na yote mawili yananitisha.

Nimefikiri sana juu ya minara yako wiki hii. Imejengwa vizuri, mlinzi yuko juu, macho yake yako baharini usiku na mchana. Lakini mnara hautazami uani. Babu zako hawa waliweka watu wa kuangalia nani anakuja kutuiba, na chini yao, kwa mashua zetu wenyewe, wakapitishwa watoto wa watu wenye makombo ya tende midomoni. Hakuna aliyefukiza moshi. Mimi mwenyewe nilikaa nikilinda jina langu kwa wanawake wa Idi, na kikulacho ki nguoni mwako. Huko uendako watakwambia hadithi za hofu yao, na baadhi yao watalitazama jina lako na kitambaa chako wakati wanazisimulia. Usijitetee. Keti uzisikilize. Wewe unajua kutoka nyumbani kwamba hofu ile ilikuwa ya kweli, na unajua pia kwamba iko pwani ambayo haikupata hata jiwe moja la kuilinda.

Na utakapokuwa unazipima zile kuta, nina hakika chini kabisa, karibu na birika, utakuta alama ya mtu ambaye hakuandikwa. Ukiikuta, usiruhusu wapake kitu juu yake.

Jana nilipokwambia naenda kwa jirani, sikwenda. Nilishuka ghalani na patasi ya baba yako. Nikaanza kuitoa saruji. Ilitoka vipande vikubwa, nikapata tamaa, nikagonga kwa nguvu. Mkono uko pale pale. Lakini kidole cha mwisho, kile kidogo, nimekivunja kwa haraka yangu. Nikakaa chini na kipande cha chokaa kwenye kiganja, nikalia kama siku ile ya asali, isipokuwa safari hii hakuna aliyeniambia nitie nini. Nikaelewa kwamba kazi hii ina elimu yake, na kwamba mimi si mtu wa kuimaliza. Kipande nimekifunga kwenye leso, kiko kabatini kwangu, rafu ya chini.

Sikuambii urudi kwa ajili ya ukuta. Nimeona watu waliofungwa na nyumba hii, sitaki kukuongeza. Ukirudi, rudi kwa sababu umetaka. Na taa yako sikuambii uizime. Hiyo ni yako, utaizima siku utakapoona huna haja nayo. Ila nimeshakurudishia kilichokuwa chako, usije ukasafiri nacho kama maradhi.

Unanidai kofi moja pia. Ukikasirika na mimi, kasirika. Usiharakishe kunisamehe kwa kuwa mimi ni mama, wala usikae kimya ili uniadhibu, maana kukaa kimya umekujifunza kwangu na najua kunakokupeleka.

Sasa desturi unayoijua. Mtu wetu akisafiri, nyumba haifagiwi mpaka ije habari kwamba amefika, tusije tukafagia nyayo zake. Shangazi zako watakuja kesho wataona vumbi la saruji limetapakaa ghalani mpaka ngazini, watanisema. Waache waniseme. Sitashika ufagio.

Ukifika, piga simu. Nitashuka nayo chini, niiweke kwenye kipaza sauti, mbele ya ule mkono. Useme kwa Kiswahili, hata hicho chako kibovu, kwamba umefika salama. Mle ndani yumo ambaye mama yake aliacha nyumba bila kufagia akimngoja, na habari haikuja.

Nakungoja,
Mama yako